Anza na Gauni: Mwongozo wa Kukusanya Wanasesere wa Kifalme na Mavazi Yao

Julai 1938, Mfalme George wa Sita wa Uingereza na mkewe walipofanya ziara rasmi mjini Paris, watoto wa Ufaransa waliwatumia mabinti zao wawili zawadi ya wanasesere. Mmoja aliitwa France, mwingine Marianne. Elizabeth, ambaye baadaye angekuwa Malkia, alikuwa na umri wa miaka 12, na mdogo wake Margaret alikuwa hajatimiza minane. Wanasesere wenyewe walipendeza, lakini uzito wa zawadi ile ulikuwa kwenye mavazi yaliyofuatana nao. Yalikuwa mamia ya vipande, kuanzia magauni ya jioni hadi glavu, kofia, mikoba na mikufu, na yalitoka kwa nyumba zilizokuwa zikiwavalisha wanawake matajiri wa Ulaya, zikiwemo Lanvin, Worth na Paquin, pamoja na vito vya Cartier.

Naanza na hao wawili kwa sababu wanaonyesha wazi jambo ambalo mkusanyaji mpya huchelewa kuliona. Katika wanasesere wa kifalme, kinachokusanywa ni nguo. Sura hutoka kiwandani kwa kalibu moja na kurudiwa maelfu ya mara. Ukimvua mwanasesere wa Princess Diana gauni lake na kulitupa boksi, si rahisi kumtofautisha na bibi harusi mwingine yeyote mwenye nywele fupi za rangi ya dhahabu. Lakini gauni lina siku yake, lina mbunifu wake na kitambaa chake, na mara nyingi gauni halisi limehifadhiwa makumbushoni, ambako picha zake unaweza kuzitazama na kulinganisha. Anayeanza na gauni hununua vichache, huvichagua vizuri, na anajua kwa nini amevinunua. Anayeanza na sura, au na neno "adimu" lililoandikwa kwenye tangazo, hujaza kabati tu.

Mwanasesere wa kubeba mtindo ni wa kale kuliko magazeti ya mitindo. Kabla ya picha, mafundi wa Paris walikuwa wakiwavalisha wanasesere nguo za msimu na kuwatuma kwenye majumba ya kifalme ya nchi nyingine, ili mabibi wa huko waone mkono umekatwaje na sketi imejazwa kiasi gani. Rose Bertin, aliyemshonea Malkia Marie Antoinette, alifanya kazi hiyo. Kwa hiyo unaponunua leo mwanasesere wa sentimita 29 aliyevaa nguo za kutawazwa, unaingia kwenye desturi ya karne kadhaa.

Pa kuanzia

Kundi la kwanza ni la wanasesere wa kutawazwa, na mwaka mzuri wa kuanzia ni 1953. Elizabeth alikuwa Kenya, upande wa Nyeri, baba yake alipofariki Februari 6, 1952, na hapo ndipo alipopata habari kwamba yeye sasa ni Malkia. Alitawazwa Juni 2 mwaka uliofuata, na kutawazwa kule kukazaa wanasesere wengi. Huko Weston-super-Mare, Uingereza, Peggy Nisbet alitengeneza Malkia wa kaure akiwa na mavazi ya kutawazwa, akauzwa na duka la Harrods. Kampuni yake iliendelea kwa miongo mitatu ikitoa wafalme na malkia wa plastiki ngumu, wenye kimo cha takriban sentimita 18 hadi 20: Henry wa Nane na wake zake sita, Victoria, hadi Charles na Diana. Marekani nako, Madame Alexander wa New York alitengeneza mandhari nzima ya kutawazwa yenye wanasesere 36.

Wale wa Nisbet nawapendekeza kwa mtu mwenye fedha kidogo. Walitengenezwa wengi, bei zao bado ni za kibinadamu, na kila mmoja ana kibandiko au kadi ya kumtambulisha. Ubaya wao ni kwamba nguo nyingi zimeshonewa mwilini, hazivuliki. Ikichanika, utashona akiwa ameivaa.

Ukimpata Malkia wa 1953, wa kampuni yoyote, tazama sketi yake kwanza. Gauni halisi lilibuniwa na Norman Hartnell, nalo lilitariziwa alama za nchi: waridi la Uingereza, mbaruti wa Uskochi, jani la mepo la Kanada, protea ya Afrika Kusini, yungiyungi la maji la India na Ceylon, ngano, pamba na juti za Pakistan. Hakuna kiwanda kinachoweza kutarizi yote hayo kwenye sketi yenye urefu wa kiganja. Kwa hiyo kila mtengenezaji alilazimika kuamua: wengine walichapa maua kwa rangi ya dhahabu, wengine wakabandika lasi ya nyuzi za metali, wengine wakatumia brokedi yoyote inayong'aa wakaacha macho ya mnunuzi yamalizie. Uamuzi ule ndio unaotenganisha kazi ya makini na kazi ya kuharakisha soko. Mwanasesere mwenye maua machache yaliyopangwa kwa safu, kama yalivyopangwa kwenye gauni lenyewe, ana thamani kubwa machoni pangu kuliko mwenye pambo tele lisilo na mpangilio.

Kundi la pili ni Barbie. Aliingia sokoni Marekani mwaka 1959, ana urefu wa sentimita 29, na kipimo chake ni moja kwa sita ya mtu. Mattel, kampuni inayomtengeneza, walitoa Marie Antoinette mwaka 2003, Elizabeth wa Kwanza mwaka 2004 na Empress Josephine mwaka 2005, kazi zenye ushonaji wa hali ya juu. Mwaka 2012 ikaja seti ya harusi ya Prince William na Catherine. Aprili 21, 2022, siku Elizabeth wa Pili alipotimiza miaka 96, wakatoa Barbie wa Malkia kwa ajili ya miaka 70 ya utawala wake.

Huyu wa 2022 ni somo zuri la kusoma vazi. Gauni ni jeupe la pembe, na begani umepita mshipi wa bluu. Kifuani upande mmoja zipo tepe mbili ndogo zenye nishani, moja ya waridi na nyingine ya samawati hafifu. Ya waridi inawakilisha nishani aliyopewa na baba yake, George wa Sita, na ya samawati ile ya babu yake, George wa Tano. Taji lake limeigwa kutoka lile la vijiti vya almasi la bibi yake, Queen Mary, alilovaa Elizabeth siku ya harusi yake, Novemba 20, 1947. Muuzaji akikuletea mwanasesere huyu bila tepe hizo, au zikiwa zimebandikwa upande usiofanana na picha ya boksi, ujue kuna mkono umepita. Vitu vyenye ukubwa wa punje ya mchele ndivyo hupotea kwanza, na kuvipata peke yake ni kazi kubwa.

Diana na gauni la lulu

Kundi la tatu ndilo lenye hadithi ndefu zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Juni 25, 1997, miezi miwili kabla ya kifo chake, Diana aliuza magauni yake 79 kwa mnada kupitia Christie's mjini New York, na fedha zikaenda kwenye misaada. Moja lilikuwa gauni jeupe la Catherine Walker lenye koti fupi la kola iliyosimama, lote limejaa lulu na vimeta. Alilivaa Hong Kong mwaka 1989, na kwa sababu ya kola ile, kama za mwimbaji Elvis, watu wakaliita gauni la Elvis. Lilinunuliwa na Franklin Mint, kampuni ya Pennsylvania iliyokuwa ikiuza vitu vya ukumbusho, kwa dola 151,000. Baada ya Diana kufariki, kampuni hiyo ikatoa wanasesere wake. Yupo wa kaure, na yupo wa vinili, mwenye kimo cha karibu sentimita 40, ambaye nguo zake nyingine ziliuzwa seti kwa seti: gauni, viatu, mkoba, hereni, kila kitu kwenye boksi lake.

Mwaka 1998 wasimamizi wa mirathi ya Diana na mfuko wa kumbukumbu yake waliishtaki kampuni hiyo huko California, wakidai imetumia jina na sura yake bila idhini. Walishindwa. Mahakama iliona kwamba sheria ya Uingereza, alikokuwa mkazi, haimpi marehemu haki ya kumiliki umaarufu wake, na mahakama ya rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2002. Franklin Mint nao wakaushtaki mfuko, na shauri likamalizika kwa makubaliano mwaka 2004, fedha nyingi zikielekezwa kwenye hisani. Gauni lenyewe sasa liko Victoria and Albert Museum, London.

Mnunuzi anapata mambo mawili hapo. Kwanza, neno "rasmi" kwenye boksi halimaanishi kwamba familia ya kifalme iliridhia. Mara nyingi linamaanisha tu kwamba kampuni imejitambulisha yenyewe. Pili, kukosa idhini hakumfanyi mwanasesere kuwa bandia wala haramu. Wa Franklin Mint ni halali, na kwa maoni yangu nguo zao ni kati ya bora zilizowahi kutengenezwa kiwandani kwa kipimo kile, kwa sababu washonaji walikuwa na gauni halisi la kutazama.

Seti zile za nguo ndizo ningekushauri uzitafute. Mwanasesere wa vinili bila nguo hupatikana kwa bei ndogo. Nguo kamili, ikiwa na viatu vyote viwili na mkoba wake, ni adimu kuliko yeye, na wauzaji wengi hawalijui hilo. Nunua mwili mmoja ulio safi, kisha fuata mavazi.

Kabla hujalipa

Kosa linalowagharimu wengi linaanzia kwenye tarehe. Kwenye nyonga ya Barbie wengi imechapwa 1966. Huo ni mwaka wa hakimiliki ya kiwiliwili, hausemi mwanasesere alitengenezwa lini, na waliotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 wanayo alama ileile. Ukiona tangazo la "Barbie wa 1966" lenye picha ya nyonga tu, omba picha ya uso, ya alama ya nyuma ya shingo, na ya jina la nchi. Wa miaka ya mwanzo walitengenezwa Japani. Malaysia, China na Indonesia ni wa baadaye sana. Hili lina faida kubwa kwa anayepekua marobota ya mitumba kwenye masoko ya Gikomba au Karume, ambako midoli huja imechanganyika na muuzaji hana muda wa kuichambua. Huko unaweza kuokota gauni la maana lililovalishwa mwili usio wake.

Jambo la pili ni idadi. "Toleo la idadi maalumu" ni maneno matamu, lakini uliza idadi gani. Mattel walipoweka lebo za rangi mwaka 2004, Gold Label ilimaanisha wanasesere wasiozidi 25,000 duniani. Elfu ishirini na tano ni wengi. Wengi wao wamekaa kwenye maboksi bila kufunguliwa, kila mwenye wake akisubiri bei ipande, na ndiyo maana haipandi. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: usinunue mwanasesere wa kisasa kama akiba ya ada ya mtoto au mtaji wa uzeeni. Nunua kwa sababu gauni linakuvutia na una mahali pa kuliweka.

Kupima bei, tazama vilivyouzwa na uache vinavyotangazwa. Kwenye eBay kuna kichujio cha kuonyesha mauzo yaliyokamilika, na nyumba za minada kama Theriault's ya Maryland, ambayo shughuli yake kubwa ni wanasesere, huchapisha matokeo. Kwenye mnada usisahau kwamba juu ya bei ya nyundo kuna ada ya mnunuzi, kisha usafirishaji, bima, na ushuru wa forodha nchini mwako. Muulize wakala wa forodha kabla hujapandisha bei. Nimeona watu wakifurahia gauni la bei poa, kisha wakalia kwenye dirisha la posta.

Omba picha za mahali ambapo muuzaji hakufikiria kupapiga. Mgongo wa gauni, mshono wa ndani, kwapa, pindo, nyayo za viatu, tundu za masikio. Gauni la kiwandani mara nyingi lina kitambulisho kidogo kilichoshonewa ndani kiunoni au shingoni. Si yote yanacho, hivyo kukosekana peke yake si ushahidi. Ushahidi uko kwenye mshono. Kiwanda hutumia uzi mwembamba, hatua fupi zinazolingana, na velkro au kishikizo cha kubana kilichoshonwa imara. Gauni lililoshonwa nyumbani na kuuzwa kama la kiwanda huonekana kwenye pindo, kwa kuwa hukunjwa nene mno hata sketi isianguke sawasawa. Ukipewa cheti cha uhalisi, linganisha namba yake na ile iliyo kwenye mwanasesere au boksi. Cheti kisicho na namba ni karatasi.

Na kama unamnunulia mtoto mdogo, chagua mwingine wa kuchezea. Hawa wa maonyesho wana lulu, hereni na vijitaji vinavyong'oka na kuingia mdomoni kwa urahisi.

Joto, unyevu na kabati

Vitabu vingi vya utunzaji vimeandikwa kwa nyumba za Ulaya zenye baridi kavu. Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar au Muscat, adui ni mwingine.

Vinili hulainishwa kiwandani kwa kemikali maalumu, na joto huifanya kemikali hiyo itoke taratibu hadi juu ya ngozi. Ndipo unamshika mwanasesere ananata, na vumbi limemganda. Mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, mkaushe, mweke mahali penye hewa. Usimfungie ndani ya mfuko wa plastiki ukidhani unamlinda. Boksi lenye dirisha pia litobolewe tundu dogo la hewa nyuma, au lifunguliwe mara kwa mara. Najua kuna wanaoamini kwamba kufungua boksi ni kuua thamani. Nguo iliyooza ndani ya boksi lililofungwa haina thamani yoyote.

Nguo nyeusi, nyekundu na bluu iliyokolea huhamisha rangi yake kwenye vinili, na doa hilo halitoki. Magauni ya kifalme ya mahameli ndiyo mabaya zaidi kwa hili. Mvalishe mwanasesere kwanza fulana nyembamba nyeupe ya pamba, au weka tishu nyeupe isiyo na tindikali kati ya ngozi na gauni. Hereni za metali ya bei rahisi hutengeneza kutu ya kijani kwenye masikio, hivyo zitoe na uziweke kwenye kipochi kidogo chenye jina lake. Wapo wanaoondoa ukijani huo kwa krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi. Huondoka, lakini krimu hiyo hufifisha rangi ya uso usipokuwa mwangalifu, kwa hiyo usiijaribu kwa mwanasesere unayemthamini.

Dhidi ya unyevu, kusanya vile vipakti vidogo vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu, uviweke kabatini bila kugusa nguo, na uvibadilishe msimu wa mvua ukianza. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, kwa sababu ukuta huo ndio unaovuta maji. Mwanga wa jua wa moja kwa moja usiufikirie kabisa, maana hariri nyeupe hugeuka njano na kuvunjika kwenye mikunjo. Toa pini, mipira ya raba na vile vijiwaya vinavyomfungia mwanasesere kwenye kadi. Vyote hushika kutu au kuyeyuka.

Nawasihi hasa muache vidonge vyeupe vya nondo. Ni desturi yetu kuvitupa kila kabatini, lakini mvuke wake hulainisha plastiki na unaweza kuharibu uso usirudi tena. Pekua nguo kila mwezi, piga brashi laini, safisha pembe za kabati. Nondo na mende hupenda mahali pasipoguswa.

Kufua kunahitaji moyo mgumu wa kukataa. Pamba nyeupe isiyo na pambo inaweza kuloweshwa kwenye maji baridi. Hariri, tafeta, mahameli, na chochote kilichobandikwa kwa gundi, usikiloweshe. Ukitaka kujua kama rangi inashika, gusa upande wa ndani wa pindo kwa pamba nyeupe yenye maji, ukandamize kwa dakika moja, utazame pamba. Vumbi la gauni lenye lulu ondoa kwa brashi ya rangi ya maji iliyo kavu, kutoka juu kwenda chini, ukishika kitambaa kwa kidole ili nyuzi zisivutike.

Ukitaka kushona mwenyewe

Fundi cherehani anayeweza kushona gauni la harusi anaweza kulishona la mwanasesere, akikubali kwamba kitambaa hakipungui uzito pamoja na kipimo. Hapo ndipo hesabu inapovutia. Gauni la harusi la Diana, la Julai 29, 1981, kazi ya David na Elizabeth Emanuel, lilikuwa na mkia wa mita 7.62. Kwa kipimo cha moja kwa sita, mkia huo ni sentimita 127, kwa bibi harusi mwenye urefu wa sentimita 29. Viwanda vingi viliufupisha mkia, na baadhi viliufupisha sana. La Catherine, la Aprili 29, 2011, lililobuniwa na Sarah Burton wa Alexander McQueen, lilikuwa na mkia wa mita 2.7, unaokuwa sentimita 45, na hapo fundi wa nyumbani anaweza kuwa mkweli kuliko kiwanda.

Satini nzito ya dukani, ukiikata kwa kipimo hiki, husimama kama boksi. Tafuta hariri nyembamba, kitambaa cha bitana, au leso za zamani za pamba iliyochakaa, ambazo huanguka vizuri. Lulu ya milimita 6 kwenye gauni halisi inakuwa ya milimita 1, kwa hiyo utahitaji shanga ndogo kabisa na sindano nyembamba ya shanga. Lasi iwe na ua dogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Lasi ya shela ya kawaida humfanya mwanasesere aonekane amejifunga pazia. Weka hatua ya cherehani kwenye milimita 1.5, acha posho ya mshono ya milimita 5, na pindo likunjwe mara moja tu kisha lishikwe kwa mkono. Mkono wa gauni ushone kabla hujafunga mshono wa ubavuni. Ukianza na ubavu, vidole havitapita.

Na ukilimaliza, tia ndani alama yako na mwaka, kwa uzi au kwa wino usiofutika. Kazi ya mikono yako ni ya heshima, na mtu wa baadaye asidanganywe kwamba ni ya kiwanda.

Daftari, na siku ya kuagana

Malkia Victoria alipokuwa msichana alikuwa na wanasesere wadogo wa mbao 132, waliovalishwa kama mabibi wa ikulu na wahusika wa opera na ngoma za jukwaani. Alisaidiana na mlezi wake, Baroness Lehzen, kuwashonea, na wapatao 32 aliwavalisha mwenyewe. Tunajua hayo kwa sababu kulikuwa na daftari. Kila mwanasesere aliandikwa jina lake, anamwakilisha nani, na nani amemvalisha. Bila daftari lile, leo tungekuwa na vipande vya mbao vyenye vitambaa.

Andika lako. Jina la mwanasesere, mtengenezaji, mwaka unaoujua kwa ushahidi, ulikomnunua, bei pamoja na usafiri, gauni linaloigwa na siku lilipovaliwa, vipande vyote vilivyokuja naye, na vilivyokosekana. Piga picha mbele, nyuma, na ya kila kifaa kikiwa kando ya rula. Ukimrekebisha, andika ulichofanya na ulichotumia. Weka nakala nje ya kabati, na mwambie mtu wa nyumbani ilipo, la sivyo siku ya msiba mkusanyiko wote unaweza kugawiwa watoto wa jirani kwa nia njema kabisa.

Unapouza, mpe mnunuzi nakala ya ukurasa huo. Mwambie kila kasoro kabla hajauliza. Unaposafirisha, mvue mwanasesere taji, hereni, mkoba na viatu, kila kimoja kikae kwenye kipochi chake chenye jina, vyote vifungwe pamoja ndani ya boksi dogo. Shela iviringishwe juu ya bomba la karatasi lililozungushiwa tishu nyeupe, isikunjwe bapa. Wa kaure afungwe kichwa na mikono kando kwa tishu, mianya ya magoti na viwiko ijazwe, kisha boksi lake liingie ndani ya boksi jingine lenye nafasi ya vidole vinne kila upande. Piga picha kila hatua ya kufunga, kwa sababu bima ya usafirishaji itazihitaji ikiwa kitu kitavunjika njiani.